Notisi niliyoandikiwa ndani ya kambi, na swali la ardhi hii iko chini ya nani

Mwezi wa Novemba mwaka juzi, alfajiri, kabla jua halijachomoza, niliingia geti la kambi moja ya jeshi hapa Virginia nikiendesha lori dogo lenye shehena ya mboga na maziwa ya bohari ya kambi hiyo. Mlinzi alikagua kitambulisho changu na hati za mzigo, akaniruhusu kupita. Mita kama 300 mbele pana kibao kinachosema kwamba mwendo wa mwisho ni maili 25 kwa saa, nami nilikipita nikiwa kwenye maili 41. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile sijalikana. Aliyenisimamisha hakuwa polisi wa kaunti wala askari wa jimbo. Alikuwa kijana mwenye sare za jeshi, mpole na mwenye adabu, aliyeniandikia notisi kwenye karatasi nyembamba ya nakala, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa kusoma maelekezo, akanitakia safari njema.

Nilichofanya wiki mbili baadaye ndicho kinachonifanya niandike haya. Nilikwenda mahakama ya kaunti ambayo kambi hiyo imo ndani ya mipaka yake, nikapanga foleni, nikamkabidhi karani notisi yangu. Alitafuta kwa jina la ukoo, akatafuta kwa namba ya leseni, akatafuta kwa namba ya gari, kisha akanirudishia karatasi na kuniambia kwamba katika kumbukumbu zao simo. Nilitoka pale na furaha ya mtu aliyesamehewa, nikaitia notisi kwenye droo pamoja na bili zilizokwisha kulipwa. Sikujua kwamba mtu anayeacha notisi ya aina ile ipite muda wake bila kulipa wala kufika mbele ya hakimu anaweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kutoka Tanga, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya usafi katika majengo ya serikali huku. Tulikutana kwenye arusi, na katika mazungumzo nikamsimulia bahati yangu.

“Unayo hiyo karatasi?” aliniuliza.

Nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

“Mwanangu, isome juu kabisa, kabla hata ya jina lako.”

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa Mahakama ya Wilaya ya Marekani.

“Basi ulikwenda kubisha hodi nyumba ya jirani,” alisema. “Ile ni ardhi ya serikali ya shirikisho. Kaunti hawakujui kwa kosa la mle ndani.”

Sisi tuliokulia Tanzania tuna sababu ya kupotea hapa. Kwetu polisi ni jambo la Muungano, na askari wa Chake Chake na mwenzake wa Songea wako chini ya Inspekta Jenerali mmoja, ingawa Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za makosa ya jinai. Ndugu zetu wa Kenya nao wana huduma moja ya polisi ya taifa. Tunapofika Marekani tunakuta kwamba mji una polisi wake, kaunti ina sherifu wake, jimbo lina askari wake wa barabarani, na serikali ya shirikisho ina vyombo vyake vingi, kila kimoja na mpaka wake. Tunajifunza hayo haraka kwa sababu tunayaona kwenye rangi za magari. Tusichokiona ni kwamba ndani ya jimbo lenyewe kuna vipande vya ardhi ambamo sheria ya jimbo imesimama mlangoni, na kwamba vipande hivyo havifanani.

Chanzo chake kiko kwenye Katiba, Ibara ya Kwanza, sehemu ya 8, ambako Kongresi ilipewa mamlaka ya kipekee ya kutunga sheria juu ya makao makuu ya serikali, na mamlaka kama hayo juu ya maeneo yatakayonunuliwa kwa ridhaa ya bunge la jimbo kwa ajili ya ngome, maghala ya baruti, maghala ya silaha, gati za meli na majengo mengine ya lazima. Waliotunga maneno hayo walikuwa na kumbukumbu chungu ya mwezi wa Juni 1783, wakati mamia ya askari waliokuwa wakidai mishahara yao walipolizunguka jengo la Philadelphia ambamo Kongresi ilikuwa ikikutana. Wajumbe waliiomba serikali ya Pennsylvania iwaite wanamgambo wawalinde, serikali hiyo ikasita, na Kongresi ikalazimika kufungasha na kuhamia Princeton, New Jersey. Mwenye nyumba hakutaka kumlinda mgeni, na mgeni hakuwa na polisi wake. Ukilijua tukio hilo, unaelewa kwa nini serikali ya shirikisho ilitaka iwe na mahali ambapo haitahitaji kuomba ulinzi kwa mtu.

Lakini neno la kuzingatia katika kifungu hicho ni ridhaa. Serikali ya shirikisho inaweza kununua ardhi kama mnunuzi mwingine yeyote, na kununua peke yake hakuipi mamlaka ya kuiondoa sheria ya jimbo. Mamlaka hayo hutolewa na jimbo, na jimbo linaweza kuyatoa kwa masharti. Hilo liliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1885 katika kesi ya kampuni ya reli iliyopita ndani ya Fort Leavenworth, Kansas. Kansas ilikuwa imeiachia serikali ya shirikisho mamlaka juu ya ngome hiyo, lakini ikajibakizia haki ya kuyatoza kodi makampuni ya reli, na Mahakama ikakubali kwamba sharti hilo ni halali. Tangu hapo, ukitaka kujua nani ana neno katika kipande fulani cha ardhi ya shirikisho, inabidi ufungue mkataba wake na kuona jimbo lilitoa nini na lilibakiza nini.

Ndiyo maana wanasheria wa huku huzungumzia hali nne. Ya kwanza ni mamlaka ya kipekee, ambapo jimbo limejitoa na makosa yote yanashughulikiwa na vyombo vya shirikisho. Hata hapo majimbo mengi yalibakiza haki ya kuingia na kukabidhi hati za mahakama zao, ili eneo lisigeuke maficho ya wanaokimbia mikono ya sherifu. Ya pili ni mamlaka ya pamoja, ambapo jimbo na shirikisho wote wanaweza kukamata na kushtaki, na mtu anaweza kujibu mashtaka pande zote mbili kwa tendo lile lile. Mwaka 2019, katika kesi ya Gamble, Mahakama ya Juu ilikataa kuiondoa kanuni hiyo, ambayo husimama juu ya hoja kwamba jimbo na shirikisho ni dola mbili, kila moja na mamlaka yake. Ya tatu ni mamlaka ya sehemu, kama ile ya Kansas na kodi zake. Ya nne ni umiliki mtupu: serikali ya shirikisho ni mwenye ardhi, inaweza kuweka kanuni za kuilinda mali yake, lakini wizi, ugomvi na mauaji yakitokea pale ni kazi ya polisi wa mji au sherifu.

Hali hiyo ya nne ndiyo inayofunika eneo kubwa kuliko zote, na watu wengi hudhani kinyume chake. Serikali ya shirikisho inamiliki takribani ekari milioni 640, zaidi kidogo ya robo ya ardhi yote ya Marekani, na katika jimbo la Nevada inamiliki karibu asilimia 80. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni misitu na malisho ambako sherifu wa kaunti anaendelea na kazi yake kama kawaida. Posta nyingi za mitaani, hasa zile zilizo kwenye majengo ya kupanga, ziko hivyo pia. Mtu akikunyang'anya mkoba kwenye maegesho ya posta kama hiyo, unapiga simu kwa polisi wa mji, na wanakuja.

Kuna tarehe moja ambayo kila anayefanya kazi na kambi hizi anapaswa kuikumbuka: tarehe 1 Februari 1940. Kabla ya siku hiyo, jimbo likishatoa ridhaa, ilichukuliwa kwamba serikali ya shirikisho imeyapokea mamlaka. Sheria iliyoanza siku hiyo iligeuza mambo, ikasema kwamba mamlaka hayatahesabiwa kuwa yamepokelewa mpaka mkuu wa idara inayohusika ampelekee gavana wa jimbo taarifa ya kuyapokea, au ayapokee kwa njia nyingine inayowekwa na sheria za jimbo husika. Halafu vita vikaja, ardhi ikanunuliwa kwa haraka kila upande, na si kila mahali taarifa hizo zilikumbukwa. Katika kambi ya Camp Claiborne, Louisiana, askari watatu walihukumiwa kifo na mahakama ya shirikisho kwa kosa la ubakaji lililodaiwa kutendeka ndani ya kambi. Mwaka 1943, katika kesi ya Adams, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mahakama iliyowahukumu haikuwa na mamlaka ya kuwasikiliza, kwa sababu wakati wa tukio gavana wa Louisiana alikuwa hajapelekewa taarifa ile. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa, na kila mara nasimama mahali pale pale. Uhai wa watu watatu ulining'inia kwenye swali la kama barua imefika mezani kwa gavana. Wapo watakaosema huo ni utaratibu tu. Mimi naona kwamba utaratibu ndio uliokuwa kinga pekee waliyobaki nayo.

Sasa turudi kwenye kosa langu, kwa kuwa hapa pana jambo ambalo karani wa kaunti asingeweza kunieleza. Kongresi haijaandika sheria kwa kila kosa dogo linaloweza kutendeka ndani ya kambi, na ingekuwa kazi isiyo na mwisho kufanya hivyo. Badala yake, tangu mwaka 1825 pamekuwapo na sheria inayosema kwamba, pale ambapo sheria ya shirikisho haina kifungu kwa tendo fulani, basi sheria ya jimbo linalozunguka eneo hilo inaazimwa na kuwa sheria ya shirikisho kwa ajili ya kosa hilo. Kwa makosa ya barabarani ndani ya kambi za jeshi zipo pia kanuni za Wizara ya Ulinzi zinazoazima sheria za usalama barabarani za jimbo kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mwendo wangu wa maili 41 ulipimwa kwa sheria ya Virginia, ukashtakiwa kwa jina la Marekani, ukapelekwa mahakama ya shirikisho. Maneno ni ya jimbo, lakini anayeyatamka ni mwingine.

Siku ya kesi nilivaa suti niliyoivaa kwenye ile arusi. Chumba kilikuwa kirefu, chenye viti vya mbao kama vya kanisani na nembo ya tai ukutani. Tulikuwa watu zaidi ya 30, wengi wetu raia wa kawaida: fundi wa viyoyozi, mama aliyekuwa amempeleka mwanawe kazini, dereva wa teksi kutoka Eritrea ambaye alishika karatasi yake kwa mikono miwili muda wote. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanasheria wa jeshi mwenye cheo cha kapteni, akiwa na sare zake kamili, kwa kuwa wanasheria wa kambi huteuliwa kuwa wasaidizi maalumu wa mwendesha mashtaka wa shirikisho katika makosa madogo kama haya. Alituita mmoja mmoja nje ya chumba, akatueleza kosa na nini anachoweza kukubali. Mimi nilikiri. Hakimu alinisomea haki zangu polepole, akaniuliza kama ninahitaji mkalimani, nikamshukuru na kumwambia hapana, akanitoza faini na ada ya jalada. Ilichukua kama dakika nne.

Natamani ndugu zangu wajue kwamba dakika hizo nne zina uzito. Ni kesi ya shirikisho, hata ikiwa ya mwendo kasi. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa notisi, na anayedhani kwamba kosa la kambini halihesabiki kwa kuwa kaunti haina kumbukumbu yake anaweza kuandika jibu lisilo la kweli bila kukusudia. Kwa upande wa bangi hatari ni kubwa zaidi. Majimbo mengi yameiruhusu, na vijana wetu wameizoea kama wanavyozoea sigara. Lakini sheria ya shirikisho haijairuhusu, na ukiingia hifadhi ya taifa huko Colorado au California ukiwa nayo mfukoni, askari wa hifadhi anaweza kukuandikia notisi kama ile yangu, ingawa duka ulikoinunua kihalali liko kilomita mbili tu nyuma yako. Kwa raia mara nyingi ni faini au aibu. Kwa mwenye viza au kadi ya ukazi, rekodi ya dawa za kulevya inaweza kumfungia milango ambayo hatajua imefungwa mpaka siku atakapoigusa.

Mamlaka haya hayahusu makosa tu. Katika eneo la mamlaka ya kipekee, sheria za jimbo zilizokuwapo siku ardhi inakabidhiwa huendelea kutumika kama hazipingani na za shirikisho, lakini zile ambazo jimbo limetunga baadaye kwa kawaida haziingii, isipokuwa Kongresi iwe imeziruhusu. Wengi wetu tunafanya kazi ndani ya kambi kwa makampuni ya zabuni: jikoni, usafi, ulinzi, ukarabati. Wapo waliokwenda mahakamani kudai haki walizopewa na sheria mpya ya kazi ya jimbo lao, wakajibiwa kwamba sheria hiyo haivuki geti. Jambo hili linaniuma. Mfanyakazi anayesugua sakafu hajawahi kuulizwa kama anakubali kuacha haki zake nje kila asubuhi.

Hata kura iliwahi kubishaniwa. Maryland iliwanyima kura wakazi walioishi ndani ya eneo la Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda, kwa hoja kwamba wanaoishi kwenye ardhi ya shirikisho si wakazi wa jimbo. Mwaka 1970, katika kesi ya Evans na Cornman, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo, na hukumu iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall, mzaliwa wa Baltimore katika jimbo hilo hilo. Watu hao walilipa kodi za jimbo, walisajili magari yao huko, na watoto wao walisoma shule zake, kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kuchagua wanaowatawala.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali na Virginia, katika hifadhi ya Yellowstone. Ilianzishwa mwaka 1872, kabla Wyoming haijawa jimbo, na kwa miaka 22 ilikuwa ardhi ya shirikisho yenye kanuni lakini isiyo na adhabu za maana. Machi 1894 jangili mmoja, Edgar Howell, alikamatwa kwenye theluji akichuna baisani, yaani nyati wa Marekani, aliokuwa amewaua, wakati ambapo wanyama hao walikuwa karibu kutoweka kabisa. Jeshi, lililokuwa likiisimamia hifadhi, halikuwa na cha kumfanya zaidi ya kuchukua vifaa vyake na kumfukuza. Habari ilienea magazetini, na Mei mwaka huo huo Kongresi ikapitisha sheria iliyoweka adhabu ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miaka miwili, na iliyoweka ofisa wa mahakama wa kukaa hifadhini. Mpaka leo yupo hakimu wa shirikisho pale Mammoth Hot Springs.

Hata hivyo ufa mwingine ulibaki. Hifadhi yote iliwekwa chini ya mahakama ya shirikisho ya wilaya ya Wyoming, ikiwa ni pamoja na ukanda wa takribani maili 50 za mraba ulio ndani ya Idaho. Katiba inataka baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, litoke katika jimbo na pia katika wilaya kosa lilikotendeka. Kwa kosa la pale jimbo ni Idaho na wilaya ni ya Wyoming, na mahali pekee palipo ndani ya vyote viwili ni ukanda huo, ambako hakuna mtu anayeishi. Profesa wa sheria Brian Kalt alilionyesha tatizo hili mwaka 2005, na mwaka 2022 bunge la Idaho liliiomba Kongresi iuhamishie ukanda huo wilaya ya Idaho. Kongresi haikuchukua hatua. Mimi siwezi kulitazama jambo hilo kama kichekesho cha wanasheria, kwa sababu siku mtu atakapouawa pale, kutakuwa na mama atakayeambiwa kwamba mahakama inatafuta wajumbe wasiokuwapo.

Baada ya kesi yangu nilirudi kaunti mara ya pili, safari hii kwenye ofisi ya hati za ardhi. Msaidizi wa pale alinitolea vitabu viwili vikubwa na ramani iliyokunjwa. Kambi niliyokuwa nikiiona kama kitu kimoja ilinunuliwa kwa vipande, kila kimoja na mwaka wake. Bohari ninakoshusha maziwa imekaa kwenye kipande cha zamani zaidi, kilichotolewa kwa mamlaka ya kipekee kabla ya 1940. Barabara ya kutoka getini mpaka kwenye kile kibao cha maili 25 ilinunuliwa baadaye, na nyuma ya hati yake imeambatishwa nakala ya barua kwenda kwa gavana, yenye muhuri wa kupokelewa, inayosema kwamba serikali ya Marekani inapokea mamlaka ya pamoja. Nililipia nakala ya ukurasa ule, na nimeutunza pamoja na risiti ya faini.